Kunakili si Kukagua

Damari Andendekisye alimchukia Gideoni Kalinga kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu. Hakumtukana wala hakumsengenya sana. Alikuwa nayo tu hiyo chuki, na kila alipopata nafasi aliipitia upya kuona kama bado ni nzima. Ilikuwa nzima.

Sababu anazo, tusimwonee. Mwaka 1969 aliajiriwa kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Iringa, na Kalinga ndiye aliyekuwa mkuu wa idara. Wiki ya tatu, katika kikao cha walimu, Kalinga alisimama na koti lake la kaki, akasema huku akimtazama Damari usoni kwamba kidato cha tano hakitafika popote kikifundishwa na binti, tena shule ina upungufu wa mwalimu wa upishi. Walimu wakaangalia viatu vyao. Damari, ambaye shahada yake ilikuwa ya daraja la kwanza, akafundisha kukanda unga wa maandazi kwa miaka miwili. Siku anahamia Mbeya, Kalinga alimpa mkono akamwambia, "Usituchukie, binti. Hata maandazi yana vipimo vyake."

Basi utashangaa kusikia kwamba watu hawa wawili walikuja kuandika kazi moja ya hisabati, kurasa hamsini na mbili, kwa muda wa miaka mitatu. Lawama zote apewe Yotamu Mgaya.

Yotamu alifundisha Mafinga. Alisoma na Damari chuo kikuu, na katika kwaya ya Kilutheri aliimba besi karibu na Kalinga kila mkutano wa usharika. Alipatana na kila mtu mpaka unakereka. Mwaka 1974 alirudi kutoka Dar es Salaam na karatasi alizonakili maktabani, habari za makundi yasiyo na kikomo, akaona humo swali ambalo mtu mmoja wa Mafinga hawezi kulimaliza peke yake. Aliandika barua mbili, moja Mbeya na moja Iringa. Majibu yalifanana kama vile yamenakiliwa: mimi na yule, hapana.

Swali lenyewe si gumu kulieleza, hata kama kulijibu ni kazi. Chukua kundi kubwa lisilo na mwisho, na ndani yake kikundi kidogo. Kikundi kinasemwa kimetulia ndani ya kundi ikiwa, ukikisukasuka kwa chochote kilichomo ndani ya kundi hilo, kinabaki kilekile. Vikundi vingi havijatulia moja kwa moja, lakini vina ngazi: hiki kimetulia ndani ya kile, kile ndani ya kingine, mpaka unafika juu. Na siku hizo watu walikuwa wameanza kuilegeza ngazi yenyewe. Walisema kidato kimoja cha ngazi kikikosa kutulia, si neno, mradi kile cha juu kigawanyike kwa cha chini katika mafungu yanayohesabika. Yotamu aliuliza: vikundi viwili vyenye ngazi kama hizo, ukiviunganisha, je, muungano wao nao una ngazi? Kwa makundi ya namna fulani alihisi jibu ni ndiyo.

Ili kuwapata wote wawili, akatunga sheria. Daftari litasafiri kwa basi, Mbeya, Mafinga, Iringa, likiwa limefungwa kwa gazeti na kukabidhiwa kondakta kila Ijumaa. Damari ataandika sehemu ya kwanza na Yotamu ataikagua. Yotamu ataandika ya katikati na Kalinga ataikagua. Kalinga ataandika ya mwisho, nayo itakaguliwa na Yotamu. Kila mtu anasoma kurasa za jirani yake tu. Damari hatatia wino kwenye ukurasa wa Kalinga, wala Kalinga kwenye wa Damari.

"Hapo sawa," Kalinga alisema. "Sina haja ya kuona mwandiko wake."

"Hapo sawa," Damari naye aliandika. "Sitaki aniguse."

Yotamu alifurahi kama mtu aliyepatanisha nchi mbili.

Kazi ilikwenda, na ilikwenda vizuri. Ndipo mwanzoni mwa 1977 ikaja barua ya Daktari Mihayo wa chuo kikuu, aliyekuwa amesikia habari za kazi yao. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka Usukumani, na mwezi wa nane angekuja kuwatembelea. Akipita Iringa angependa kuwasikiliza wote watatu wakiieleza kazi hiyo. Aliomba nakala safi mapema. Akaongeza, kwa mstari mmoja chini kabisa, kwamba idara yake ina nafasi moja ya kusomea shahada ya pili na kufundisha hapohapo, na angependa impate mmoja wao.

Nafasi moja. Damari aliusoma mstari huo akiwa amesimama, kisha akakaa akausoma tena. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kila mwaka alifundisha kidato cha pili milinganyo ileile. Aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka mume, nyumba au kitu kingine chochote, na hakuona aibu kujiambia hivyo.

Mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri kuliko ya wote, kwa hiyo kazi ya kunakili ikamwangukia yeye. Alikuwa amepanga chumba Mwanjelwa, nyuma ya fundi cherehani. Huko sokoni kelele haziishi, lakini yeye alikuwa amezizoea. Aliandika kila ukurasa kwa wino mweusi, akitanguliza kutia chini kwenye kona herufi za jina lake na tarehe, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya hata kwenye orodha ya mahudhurio.

Jumamosi ya tarehe kumi na sita Aprili, saa tisa alasiri, alifika ukurasa wa arobaini na moja. Huo ulikuwa wa Kalinga. Aliandika nusu ya ukurasa, kalamu ikasimama.

Kalinga alikuwa amechukua kikundi cha Damari, kile alichokijenga mwenyewe katika ukurasa wa tisa, akakitumia kana kwamba kimetulia ndani ya kundi kuu. Lakini Damari hakuthibitisha hivyo. Alithibitisha kwamba kikundi chake kimetulia ndani ya kundi la kati, lile lililo baina yake na kundi kuu. Yotamu naye alithibitisha kwamba kundi la kati limetulia ndani ya kundi kuu. Vyote viwili kweli tupu. Na Kalinga, aliyekuwa haoni kurasa za Damari ila kwa kutajwa ndani ya kurasa za Yotamu, akaunga hiki na kile, akapita. Kutulia hakuendi hivyo. Mtoto anaweza kuheshimiwa nyumbani kwao, na nyumba hiyo ikaheshimiwa kijiji kizima, na bado kijijini mtoto huyo akapigwa makofi na kila mtu. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nitasema ukweli: Damari alicheka. Alicheka mpaka fundi cherehani akauliza kuna nini. Miaka minane ya kinyongo cha unga wa maandazi ilimpanda kichwani kwa mpigo mmoja, tamu kama nini.

Kufikia Jumatatu, akisahihisha majaribio ya kidato cha pili, alikuwa amekwisha kupata na dawa yake. Ilikuwa fupi na safi, aya moja tu. Angeweza kuiandika kwenye kipande cha karatasi na kumpa kondakta Ijumaa ileile, na kazi ingekuwa nzima.

Hakuiandika. Alirudi kwenye ukurasa wa arobaini na moja, akaumalizia kama ulivyokuwa, kosa na yote, kwa mwandiko wake mzuri. Chini akaacha tarehe aliyokwisha kuitia. Na moyo wake ulipojaribu kumsumbua, aliujibu kwa sheria ya Yotamu: mimi sikuruhusiwa kukagua kurasa za Kalinga. Nimeambiwa ninakili.

Juni Yotamu alikuja Mbeya kuchukua nakala. Alikuja na rafu ya vitabu aliyoichonga mwenyewe kwa mbao za paini za kwao Mafinga, ameipakia juu ya basi na kuishikilia kwa kamba njia nzima. Aliisimamisha ukutani, akaipima kwa jicho, akaiwekea kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja.

"Dada Damari, vipi huko mwisho kwa mzee? Hakuna kitu umeona?"

"Sheria ni ya nani?" Damari alimjibu. "Mimi nimenakili, kaka Yotamu. Kunakili si kukagua."

Yotamu akacheka, akasema kweli bwana, yeye mwenyewe sehemu ile aliipitia harakaharaka kwa sababu mzee huwa hakosei. Akaifunga nakala kwa karatasi ya kaki, akaenda nayo posta. Damari alibaki akipanga vitabu kwenye rafu mpya. Alijisikia vibaya kidogo, kisha akamkumbuka Kalinga na kikao kile, ikapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini Agosti. Baridi ya Iringa ilikuwa kali, walimu wa hisabati wapatao thelathini walikuja na masweta, wengine kutoka Kilolo na kwingineko. Mkutano uliwekwa katika shule ileile, katika darasa la tatu ukihesabu kutoka jiko la upishi. Damari alipita mbele ya jiko hilo bila kugeuza shingo.

"Kamwene, binti," Kalinga alimsalimu mlangoni. Alikuwa amezeeka, koti lilikuwa lilelile.

"Mwalimu Damari," alimsahihisha.

"Haya. Mwalimu Damari. Wa upishi au wa hesabu?"

Damari alimpita akaingia. Alijua saa mbili tu zimebaki.

Daktari Mihayo alikaa mstari wa mbele, mtu mwembamba, mpole, na nakala safi magotini. Damari alieleza sehemu yake, ikapita bila swali. Yotamu akaeleza yake kwa tabasamu na jasho. Kisha Kalinga akapanda, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kama anayefundisha watoto, na alipofika mahali pale Damari akainua mkono.

"Ndugu Kalinga, samahani. Kikundi hicho kimetulia ndani ya nini?"

Kalinga hakugeuka. "Kimetulia. Kasome kurasa zako mwenyewe."

"Nimezisoma. Niliandika kimetulia ndani ya kundi la kati."

"Na kundi la kati limetulia ndani ya kundi kuu. Yotamu kathibitisha, umemsikia hapa sasa hivi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo..." Kalinga aliinua chaki. Chaki ikagusa ubao, haikuandika. Darasa zima liliuona mgongo wake ukielewa kabla uso haujageuka.

Damari angeweza kukomea hapo, na ningemheshimu zaidi. Hakukoma. Alisimama.

"Mtoto kuheshimiwa kwao, na kwao kuheshimiwa kijijini, ndiyo mtoto anaheshimiwa na kijiji? Mwaka wa kwanza wanalijua hili, Ndugu Kalinga. Mwaka wa kwanza! Au siku linafundishwa wewe ulikuwa unakanda unga?"

Kicheko kikalipuka nyuma. Walimu wa Iringa waliokuwa wakimwogopa mzee huyo kwa miaka ishirini walicheka mpaka wakapiga madawati. Kalinga alishuka akakaa. Mikono ilikuwa imejaa vumbi la chaki na hakuipangusa. Yotamu alikuwa akifungua daftari kwa haraka, anarudi nyuma, anakwenda mbele, mdomo wazi.

"Kazi imekufa basi?" mtu mmoja aliuliza.

"Haijafa," Damari alisema. Akapanda, akafuta mstari wa Kalinga kwa kiganja, akaandika aya yake. Kundi la kati linazalishwa na vitu vichache, na kikundi chetu kinaligawa katika mafungu yanayohesabika. Kwa hiyo vikundi vyake vyenye idadi ileile ya mafungu kama kikundi chetu ni vichache vilevile, vinahesabika. Chukua vyote, utafute sehemu yao ya pamoja. Lisukesuke kundi la kati upendavyo, hata kutoka nje: vikundi hivyo vitabadilishana nafasi tu, na sehemu yao ya pamoja haitasogea. Basi hiyo imetulia mpaka juu. Itumie hiyo badala ya kikundi cha zamani, na kurasa zilizobaki zinasimama kama zilivyo.

Aliweka chaki chini. Daktari Mihayo alikuwa ameacha kuandika, anatikisa kichwa polepole kwa kukubali.

"Sahihi kabisa," alisema. "Kosa hilo mimi nililiona Julai. Nimekuja na marekebisho yangu mfukoni, kurasa tatu. Haya yako ni aya moja. Yako ni bora."

Damari alijipangusa chaki mikononi. Nafasi ilikuwa yake. Aliiona, aliigusa.

"Umeyapata hapa hapa?" Mihayo aliuliza. "Au uliliona kosa zamani?"

Naye kwa kiburi, kwa kutaka ajulikane kwamba alimtangulia hata daktari, alijibu: "Niliona Aprili. Marekebisho yalinichukua siku mbili tu."

"Aprili," alisema Mihayo. Akafungua nakala magotini, akapekua, akatoa ukurasa wa arobaini na moja, akauinua watu wauone. "Tarehe kumi na sita Aprili. D.A. Huu si mwandiko wako?"

Damari aliutambua hata kwa mbali.

"Nakala hii ilinifikia Juni. Uliiandika huku unajua."

"Sheria yetu," Damari alianza. "Nilikuwa siruhusiwi kukagua kurasa zake. Kila mtu jirani yake tu. Muulize Yotamu."

"Nimekuuliza wewe. Sheria ilikukataza kukagua. Ilikukataza kusema?"

Damari aliigeukia aya yake ubaoni.

Mihayo hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Kukosea si kitu. Mzee amekosea, mimi nakosea kila wiki. Lakini kazi yetu ni hivi: huyu anasoma kurasa hizi, yule zile, halafu tunaaminiana. Hakuna mtu mwenye maisha ya kutosha kukagua kila kitu. Mwalimu Damari, wewe una akili kupita wote humu ndani, na mimi nimo. Ila siwezi kukupa nafasi. Ningelazimika kukukagua hata nikikuomba uninakilie barua." Akarudisha ukurasa mahali pake. "Aya yako itaingia na jina lako litakuwa chini yake. Ni haki yako. Nafasi nitaamua nikirudi Dar."

Wale waliocheka hawakujua wauweke wapi uso. Kalinga alisimama taratibu, akapangusa mikono kwenye koti. Alipopita karibu na Damari akasimama kidogo. Hakutabasamu.

"Mimi ubaya wangu nilikufanyia mchana, mbele ya kikao," alisema. "Ulijua adui yako nani. Huyu kijana wa Mafinga alikufanya nini?"

Akatoka.

Hapo ndipo Damari alipomtafuta Yotamu kwa macho, na kiti chake kilikuwa kitupu. Alimkuta kwenye baraza, amekaa kwenye ngazi, daftari la awali kwenye goti moja na nakala safi kwenye goti lingine. Kumbe alikuwa amemwomba Daktari Mihayo amwazime nakala hiyo kwa saa moja.

"Kaka Yotamu, sikukulenga wewe."

"Najua ulimlenga nani." Hakuinua kichwa. "Kurasa zile nilizikagua mimi. Zimepita mkononi kwangu. Watu wamemcheka mzee, lakini mjinga ni mimi, mimi ndiye niliyesoma kurasa zako na nikasoma zake. Ungenitumia hata kipande cha gazeti."

"Nilitaka kukwambia."

"Juni nilikuuliza. Nilikuwa chumbani mwako, nimekuuliza kwa mdomo wangu."

Upepo wa baridi ulipita. Darasani watu walikuwa wakisogeza viti, mtu anafuta ubao.

"Na kurasa zangu?" aliuliza Yotamu. "Kumi na tisa mpaka thelathini na nane. Nazo umenakili. Kuna kitu uliona humo?"

"Hakuna. Ziko sawa, kaka. Nzuri sana. Naapa."

Yotamu alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, bila hasira hata kidogo. Ni bora angekuwa nayo. Kisha akatoa penseli mfukoni, akafungua ukurasa wa kumi na tisa katika daftari, akafungua wa kumi na tisa katika nakala, akaweka kidole cha mkono huu hapa na cha mkono huu pale.

"Nimekwambia ziko sawa," Damari alisema.

"Nimesikia," Yotamu alijibu, akaanza mstari wa kwanza.